Dikoda ya Bibi Ndelilio

Jumatatu, 1 Machi 2004

Injinia Eliakim ametugawia shajara za kampuni moja ya mbegu, kila ukurasa una picha ya gunzi la mahindi, akasema tuandike kila siku waya upi umekatika na wapi. Nyaya zilizokatika anazijua tayari, maana wateja humtukana kwa simu kabla mimi sijaamka. Kwa hiyo humu nitaandika mambo makubwa zaidi, yaani mimi.

Naitwa Praygod. Shule niliishia kidato cha pili, kwa makubaliano: mimi nilikuwa nimechoka, na mwalimu wa hesabu alikuwa amechoka zaidi. Sasa ni fundi wa Eli Kebo Vision, Soweto, Moshi mjini, chumba cha nyuma ya saluni. Tuko watatu. Eliakim ndiye mwenye kampuni na ndiye aliyesoma, tena India. Goodness anakaa kwenye kompyuta na kupokea matusi ya simu. Mimi ndiye ninayepanda nguzo, kwa hiyo kampuni ni mimi.

Televisheni za watu wengine unazitazama tu. Yetu inakuuliza na wewe unajibu. Eliakim alinunua dikoda zake, vile visanduku vya kando ya televisheni, Ulaya, kwa kampuni iliyokuwa inafunga milango, na ndani yake mna programu anayoiita jukwaa. Goodness akiandika swali pale Soweto, linatokea kwenye skrini za watu wote, au nyumba moja tu tukitaka. Mtu anabonyeza rimoti: kijani ni NDIYO, nyekundu ni HAPANA. Jibu linarudi kwetu kwa waya uleule, na kwenye skrini yake linasimama kubwa kama tangazo la mnada. Wateja wanatuona wachawi. Mimi sikatai.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua. Nguzo ya Kiboriloni imelala chini kama mlevi. Nimeiinua.

Jumanne, 9 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo India hawafundishi. Eliakim anataka waya utoke Kiboriloni upande mpaka Old Moshi, kwetu, lakini nguzo hazitoshi. Nikamwambia bosi wangu: "Mangi, tupitishe kwenye masale." Kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kule juu kimezungushiwa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, na hakuna Mchagga mwenye akili timamu anayekata sale la mpaka. Nguzo inaweza kuibwa ikawa kuni. Sale haliguswi. Injinia akanitazama kama mtu aliyeona kuku anasoma gazeti.

Nilikuwa nafunga waya kwenye masale ya mpakani kwetu alipotokea Mzee Yoramu. Ni jirani, tena ndiye mkubwa wa ukoo wetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huo uzi wa nini?"

"Wa televisheni, mzee."

"Ukivutwa, mpaka hautasogea?"

"Mzee, huu ni waya, siyo ng'ombe."

"Ng'ombe namjua. Ndiyo maana nauliza huu."

Amekubali, kwa sharti upite upande wetu wa masale.

Jumapili, 14 Machi

Leo naandika habari za Bibi, na sitaki mzaha mwingi.

Bibi Ndelilio ndiye aliyenilea baada ya baba na mama kufariki. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi! Mchungaji akihubiri sana, Bibi alikuwa anamsubiri mlangoni: "Baba mchungaji, leo umetulisha, lakini chakula kimetupalia." Januari kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia umekufa, mguu umekufa, mdomo umekwenda upande, na ule ulimi umelala. Shingo haigeuki. Macho anatutazama sote sawasawa, mimi, shangazi, paka. Kilichobaki ni kidole gumba cha kushoto, kinachezacheza tu. Daktari alimwambia amminye mkono kama anasikia. Akangoja kidogo, akaandika, akaondoka. Alisema huenda yumo, huenda hayumo.

Shangazi Elizabeth ndiye anayemhudumia: anamwogesha, anamgeuza, anamlisha mtori, ile supu ya ndizi, kwa kijiko. Baba mkubwa Filemon, mtoto wa kwanza wa Bibi, yuko Dar es Salaam na anataka kumchukua. Anasema jirani yake ni daktari wa mazoezi, anafufua mikono iliyokufa. Atakuja Pasaka na gari lenye kiti kinacholala.

Mimi sitaki. Bibi hajawahi kulala nje ya kihamba hiki ila siku za kujifungua. Atolewe kwenye migomba yake akafie kwenye joto la Dar, asikie magari tu? Shangazi hajui anachotaka. Nikasema, mwenye kujua ni Bibi mwenyewe, na mimi ndiye fundi.

Jumanne, 16 Machi

Nimefunga dikoda chumbani kwa Bibi. Rimoti nimeifunga kwa gome la mgomba kwenye mkono wa kiti chake, kidole gumba kikae katikati ya kijani na nyekundu. Nikampigia Goodness simu.

"Andika: SHIKAMOO BIBI. MIMI NI PRAYGOD. UNANIFAHAMU?"

"Maneno mengi hayo. Kwani unamchumbia?"

"Andika, dada!"

Swali likatokea. Bibi akatazama. Shangazi akasimama mlangoni na bakuli la mtori. Halafu kwenye skrini, kubwa: NDIYO.

Bakuli lilipasuka. Shangazi alipiga kelele mpaka Mzee Yoramu akaruka masale yake mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu. Tukauliza tena. NDIYO. Nilizunguka nyumba mara ngapi sijui, kwenye mvua, bila shati. Daktari amesoma miaka yote ile akaandika "huenda". Mimi wa kidato cha pili nimemtoa bibi yangu kaburini kwa waya.

Jumatano, 24 Machi

Nyumba imejaa watu kama kuna harusi. Wanaingia kwa zamu, wanavua kofia, wananiambia swali, namwambia Goodness kwa simu, Bibi anajibu. Bibi, unanikumbuka? NDIYO. Umepata maombi yetu? NDIYO. Maziwa niliyokuletea yalikuwa mazuri? NDIYO. Mchungaji naye kaja: bado unamtumaini Bwana? NDIYO. Akalia palepale, na Bibi hakumsema kitu kuhusu mahubiri.

Hakuna aliyeuliza swali baya. Kwetu mtu mzima haulizwi jambo ambalo itabidi akukatalie mbele za watu. Ni kumvunjia heshima, na wewe mwenyewe unabaki huna pa kuweka uso.

Wananiita Injinia Mdogo. Nimewaambia "mdogo" waliondoe.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Barabara ya kwetu imekuwa uji.

Jumatatu, 12 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Sijalala vizuri kwa furaha, ngoja niandike yote.

Baba mkubwa Filemon alifika Ijumaa Kuu. Gari aliliacha Kiboriloni kwa sababu ya matope, akapanda kwa miguu na suruali yake ya kitambaa mpaka magotini ni udongo mwekundu. Ni mtu mkubwa, mnene, ana sauti ya kuamrisha. Alipomwona Bibi, sauti ilikwisha.

Jana baada ya kanisa ukoo ukakaa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, nyama ilikuwepo, Mzee Yoramu kwenye kiti cha mbele. Nami nimesimama kando ya televisheni na simu sikioni, kama mtangazaji.

Filemon akatoa jani la sale, limefungwa fundo. Kwetu hilo ndilo ombi la msamaha. Mtu akilipokea, yamekwisha. Akapiga magoti, mtu mzima vile, akaliweka mapajani mwa Bibi. Wote tunajua kisa chake. Babu alipofariki, Filemon alikuwa Dar na hakuja kumzika. Sababu alizitoa nyingi, na Bibi hakupokea hata moja. Tangu siku ile, Filemon akija, Bibi alikuwa anamwekea chakula mezani na kuondoka, kama mgeni wa hoteli.

"Andika," akaniambia bila kunitazama. "MAMA, UMENISAMEHE?"

Goodness akaandika. Tukangoja.

NDIYO.

Mzee Yoramu akasema, "Mara tatu." Ndiyo desturi: jambo la ukoo linaulizwa mara tatu, likijibiwa mara tatu halifunguliwi tena. Mara ya pili, NDIYO. Mara ya tatu, NDIYO. Filemon akaangusha uso kwenye magoti ya mama yake na kulia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Wanaume walitazama nje, kwenye mvua.

Akajipangusa. "Sasa muulizeni habari ya safari."

Swali hilo nililitunga mimi. Nilikuwa nimelitunga tangu Machi. BIBI, UNATAKA KUBAKI HAPA NYUMBANI?

NDIYO. NDIYO. NDIYO.

"Basi," Filemon akasema. "Mama amesema. Nani atambishia?" Akanishika bega. "Kijana, umenipa mama yangu. Sitasahau."

Leo asubuhi ameshuka kulifuata gari lake, kiti kinacholala hakina mtu. Nimeshinda. Napenda kushinda.

Jumanne, 20 Aprili

Waya umekatika kwa sababu mgomba wa Mzee Yoramu umeangukia masale. Anasema waya ndio uliouangusha mgomba.

Jumapili, 25 Aprili

Bibi anakohoa. Ukuta wa chumba chake unatoka maji, ukiugusa ni kama shavu la mtu anayelia. Mgongoni ana kidonda cha kulala, shangazi amenionyesha. Nilikuwa sijakiona. Nilikuwa sijaomba kukiona.

Nimemuuliza kwa dikoda: BIBI, UKO SALAMA? NDIYO. Basi.

Alhamisi, 29 Aprili

Jumanne nilikwenda kumchekesha Bibi. Shangazi alikuwa ameenda kutafuta majani ya ng'ombe. Nikampigia Goodness.

"Mwandikie: BIBI, WEWE NI MWANAMUME?"

"Praygod! Mtu mzima huyo!"

"Andika. Huyu ndiye aliyekuwa anamtania mchungaji. Amechoka na heshima zenu."

Likatokea. Tukangoja. NDIYO.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule ndiye Bibi! Goodness naye alikuwa anacheka kwenye simu. "Mwandikie: BIBI, MIMI NI PUNDA?" NDIYO. "UNA MIAKA KUMI?" NDIYO. Nikawa naendelea kucheka, lakini kwa mdomo tu.

Nikaitazama rimoti. Ilikuwa nyepesi. Nikafungua mgongo wake. Hamna betri.

Shangazi aliporudi nikamuuliza. "Nimeweka kwenye redio," akasema, "tangu Jumapili. Nilitaka kusikiliza matangazo ya vifo. Kwani zilikuwa na kazi?"

Tangu Jumapili. UKO SALAMA? NDIYO.

Nilishuka mpaka Soweto kwa miguu kwenye mvua. Sikutaka kukaa kwenye gari na watu. Eliakim nilimkuta anakula. Nikamweleza. Akaacha kula.

"Aisee," akasema. "Zile dikoda zilitengenezwa kwa michezo ya maswali ya huko kwao. Mtu asipobonyeza haraka, mchezo usikwame, jukwaa linajichukulia jibu la kwanza."

"La kwanza ni lipi?"

"Linaloandikwa juu. NDIYO."

"Na mtu akibonyeza baadaye? Akiwa na kidole kizito?"

"Linatupwa. Swali limeshafungwa."

"Kwa hiyo Bibi huenda alikuwa anajibu?"

"Huenda. Au hakuwa anajibu kitu. Mashine haijui, na mimi sijui."

"Ulijua hili, mangi? Ulijua ukaniacha?"

"Nilijua kama mtu anavyojua kwamba kikombe kinavunjika. Sikufikiri kuna atakayeuliza maswali ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nawauliza wateja nyimbo wanazozipenda." Halafu akasema polepole, "Naweza kulibadilisha. Lingoje muda mrefu, na mtu asipobonyeza liseme HAKUNA JIBU. Lakini inabidi nijifunze programu yao upya, na kitabu chake nusu ni Kiholanzi."

Goodness alikuwa ameinamia kibodi. Ni yeye aliyeandika yote kwa vidole vyake, MAMA, UMENISAMEHE, na yote.

Jumamosi, 1 Mei

Nimempigia baba mkubwa. Nilitaka kumwambia kwa utaratibu, nikajikuta nimesema yote kwa pumzi moja: dikoda ilikuwa inajijibu yenyewe, Bibi hakubonyeza, njoo umchukue, anakohoa, ana vidonda, swali la kubaki nililitunga mimi.

Nilidhani vocha imekwisha.

"Na lile swali langu?" akauliza.

Nikaanza tena habari ya kikohozi.

"Nakuuliza, kijana. Lile langu?"

"Nalo, baba mkubwa. Sanduku lilikuwa linasema uongo lote."

"Mama yangu alinijibu," akasema. "Mara tatu, sale likiwa mapajani. Mlikuwepo. Ukoo ulikuwepo. Wewe ni mtoto, hujui unachokivunja. Usinipigie tena kwa jambo hili."

Akakata.

Jumatano, 5 Mei

Mvua.

Jumapili, 9 Mei

Nimemwambia shangazi. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hajasikia.

"Mimi namwogesha kila siku," akasema. "Namwambia Goodness kwa simu aandike, mama, maji ya moto? Natazama kwenye televisheni, inasema ndiyo. Nilikuwa nahisi tuko wawili." Akachagua jiwe akalitupa. "Sasa umenirudisha kuwa mmoja. Asante."



Ijumaa, 14 Mei

Eliakim bado anapambana na Kiholanzi. Macho yamekuwa mekundu kama ya mpishi wa mbege. Nilimkosea kumfikiria ni mtu wa kujionyesha tu. Wateja wamepungua, mvua inakula waya wetu, na yeye amekaa anatengeneza dikoda ya bibi mmoja asiyekuwa wa kwao.

Jumatatu, 17 Mei

Bibi amekonda. Kijiko cha mtori kinarudi nusu.

Jumamosi, 22 Mei

Jana Eliakim alisukuma programu mpya kutoka Soweto. Ilipita kwenye waya, ikapanda Kiboriloni, ikapita masale yote yale, ikaingia kwenye dikoda ya Bibi. Skrini ikawa nyeusi, ikarudi. Leo nimeweka betri mpya nikakaa naye. Shangazi alikuwa jikoni, hakutaka kuona.

Swali la kwanza: BIBI, UNANIFAHAMU? Nikangoja. Mvua ikapungua, ikazidi, ikapungua tena. HAKUNA JIBU.

Nikarudia. HAKUNA JIBU.

Nilikuwa nimeshaanza kukubali. Nikamwambia Goodness aliache la tatu likae mpaka lichoke. Na mimi nikaacha kutazama skrini, nikatazama kidole. Kile kidole tulichosema kinachezacheza tu. Kilikuwa kinasogea. Kilikuwa kinapanda juu ya plastiki kama konokono anayepanda ukuta, kinateleza, kinaanza tena. Kikafika kwenye kijani. Kikalala juu yake.

NDIYO.

Nikasema kwenye simu, "Mwandikie: WEWE NI MWANAMUME?"

"Praygod..."

"Andika."

Kidole kikaanza safari ya upande wa pili. Goodness alikuwa bado kwenye simu, nasikia anavyopumua. HAPANA.

Yumo. Muda wote ule alikuwemo. Sisi tunapiga vigelegele na kunywa mbege, na yeye kidole kiko njiani.

Nilijua swali linalofuata na sikutaka kuliuliza. Nikaliuliza. BIBI, UNATAKA KUBAKI HAPA NYUMBANI?

HAPANA.

Labda kidole kimezoea nyekundu, nikajisemea. Mimi si mjinga, nikaligeuza ili ahame upande: UNATAKA KWENDA KWA FILEMON?

Kikahama. Kilichoka katikati, kikapumzika, nikakishuhudia kinapumzika. Kikafika. NDIYO.

Ya msamaha wa Filemon sikuuliza. Ile si yangu.

Jumapili, 23 Mei

Nimempigia baba mkubwa kwa simu ya Mzee Yoramu, ili apokee.

"Baba mkubwa, anataka kuja kwako. Amesema mwenyewe. Tumetengeneza dikoda, sasa inasema kweli."

"Sasa inasema kweli."

"Ndiyo, baba mkubwa. Inamngoja. Amebonyeza mwenyewe, nimekiona kidole."

"Sikiliza, Praygod. Mwanzo wa mwezi ulinipigia ukaniambia sanduku lenu linasema uongo. Leo unanipigia unaniambia linasema kweli. Kesho litasema nini?" Nikamsikia anahema. "Lile lililosema nimesamehewa ni la uongo. Hili linalosema nimchukue ni la kweli. Ndivyo?"

"Njoo umuulize tena mwenyewe. Njoo umuulize lako."

Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

"Na akikataa?"

"Sijui, baba mkubwa."

"Mimi siji kuuliza tena," akasema. "Aliyenijibu amenijibu."

Mzee Yoramu alikuwa amesimama pembeni anangoja simu yake. Nikamwomba yeye, mkubwa wa ukoo, aite kikao, waje wakione kidole kwa macho yao.

"Jambo liliulizwa mara tatu," akasema.

"Lilijibiwa na mashine, mzee!"

"Lilijibiwa mbele ya sale. Leo nikilifungua hilo, kesho atakuja mtu kufungua mpaka wake, keshokutwa mwingine mahari yake. Neno lililofungwa kwa sale halifunguliwi kwa waya, mwanangu." Akachukua simu yake, akaipangusa. Halafu akasema, kama anajisemea, "Mimi nilimuuliza kama hana kinyongo na mimi kuhusu ule mfereji wa maji tuliogombania. Akasema ndiyo. Niache na hilo."

Alhamisi, 27 Mei

Wamekuja majirani kama zamani, wanavua kofia. Wengi hawana subira. HAKUNA JIBU, wanasimama, wanaondoka. Aliyengoja alikuwa mama mmoja wa kwaya. Aliuliza kama Bibi anafurahia wanapomwimbia. HAPANA. Alitoka bila kuaga.

Shangazi akaja na ndoo mkononi. "Rudisha ile ya kwanza."

"Shangazi, ile ilikuwa haisemi kitu."

"Ilikuwa inasema asante! Hii jana nimeiuliza kupitia kwa Goodness, mama, umelala vizuri? Ikasema hapana. Uji mtamu? Hapana. Unaumwa? Ndiyo. Nifanye nini na hiyo ndiyo, Praygod? Dawa ninayo? Gari ninalo? Wewe unashuka mjini kwenye kompyuta zako. Mimi ndiye ninayebaki naye chumbani, ananiambia anaumwa mpaka jioni."

Nikamwambia nitakaa naye mimi.

"Utamgeuza wewe? Utamwosha wewe?" Akacheka, kicheko kibaya. "Injinia."

Jumatatu, 31 Mei

Nimemuuliza Eliakim kama anaweza kuniazima pikapu ya kampuni nimpeleke mwenyewe Dar. Alikubali bila kufikiri. Halafu akaniuliza nikifika nitampa nani. Nikasema Filemon hawezi kumwacha mama yake barabarani. Nikampigia Filemon. Mke wake akapokea, akasema baba amesema Mama apumzike kwake alikochagua.

Alikochagua.

Alhamisi, 3 Juni

Nimerudi kutoka kazini nikakuta kitambaa cha kushona kimetandikwa juu ya televisheni. Dikoda iko juu ya kabati, waya umekunjwa vizuri. Shangazi ni mtu msafi, hata kitu anachokichukia anakikunja. Rimoti ameichomoa kwenye kiti. Gome la mgomba limebaki.

Sikubishana naye. Mikono yake imechubuka kwa sabuni.

Jumapili, 6 Juni

Mvua zimekatika. Kibo, kilele cha mlima, imetoka asubuhi, nyeupe, kama haikuwa na habari yoyote. Shangazi ameenda kanisani, nami nimemtoa Bibi kwenye kiti chake barazani aote jua. Ni mwepesi kama mzigo wa majani makavu ya mgomba. Anakohoa kidogo kidogo sasa, hana nguvu ya kukohoa sana.

Nikakaa chini karibu naye. Goodness hayupo, skrini haipo. Nikamuuliza kwa mdomo, kama watu.

"Bibi, unanikasirikia?"

Nikaweka kiganja changu chini ya kidole chake. Nikangoja. Kuku wakapita. Kengele ya kanisa ikalia, watu wakaanza kurudi barabarani wakizungumza, wakatusalimia, sikuwaitikia. Kidole kilisogea kikatoka upande mmoja wa kiganja, kikatambaa, kikasimama kupumzika, kikaendelea. Kilipofika kilikokuwa kinakwenda kikabonyeza, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Nikainua macho nikamtazama. Alinitazama kama anavyotutazama sote.

Kiganja changu chote ni cha rangi moja, hakina kijani wala nyekundu.